Somo: Kuisoma Ardhi Tabaka kwa Tabaka



Miongoni mwa maswali yanayowasumbua watu wanaotafuta ukweli wa dini ni hili: Wataalamu wa elimu ya ardhi husema kwamba miamba ina umri wa mamilioni ya miaka. Je, mtu anayemwamini Muumba ayakubali maneno hayo au ayakimbie? Wapo wanaoyakataa kabla ya kuyasikia. Wapo pia vijana wanaoyapokea yote bila kuuliza ushahidi wake, kisha wakaitupa imani yao kwa jambo wasilolichunguza. Makundi yote mawili yamekosa kitu kimoja, nacho ni kuitazama ardhi yenyewe. Na hali Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Ankabut, inawahimiza watu wasafiri duniani na kuangalia mwanzo wa uumbaji. Basi katika somo hili tutatoka Maposeni, tushuke mpaka bonde la Mto Ruhuhu na Ziwa Nyasa, tuone ardhi inatuambia nini, na inatuambia kwa njia gani.

1. Kanuni ya mashapo

Wewe uliyeko Maposeni, pande za Peramiho, huna haja ya chombo chochote kwa somo hili la kwanza. Mvua kubwa ikikatika, nenda ukautazame mfereji ulio kando ya njia. Palipo na mteremko mkali utakuta maji yameacha changarawe. Mbele kidogo, mwendo wake ulipopungua, yameacha mchanga. Na mwisho, yalipotuama, yameacha tope laini. Vitu hivyo vinavyochukuliwa na maji, upepo au barafu na kutua chini huitwa mashapo.

Kutokana na mfereji huo tunapata kanuni mbili. Kwanza, aina ya mashapo hutoa habari ya nguvu iliyoyaleta. Pili, tabaka lililo chini lilitangulia, na lililo juu lilifuata, isipokuwa pale ardhi ilipopasuka au kupinduliwa. Kila mchimba kisima anaijua kanuni hii ya pili, hata kama hakuisoma chuoni. Mashapo yakilundikana na kukandamizwa kwa muda mrefu sana, hugeuka kuwa mwamba.

2. Tabaka za Ruhuhu

Mto Ruhuhu huingia katika Ziwa Nyasa karibu na Manda. Katika bonde lake miamba ya mashapo imelala tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa yapo mashapo yaliyoachwa na barafu kubwa, tangu zama ambazo Afrika ilikuwa imeungana na Amerika ya Kusini, Bara Hindi, Australia na Antaktika. Juu yake yapo makaa ya mawe, kama yale ya Mchuchuma katika Ludewa na Ngaka katika Mbinga. Makaa hayo ni miti na majani ya mabwawa ya kale, yaliyofunikwa na tope kabla ya kuoza kabisa. Juu zaidi zipo tabaka zenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe.

Tazama basi! Mahali pamoja palikuwa nchi ya barafu, kisha nchi ya mabwawa, kisha nchi ya mito na wanyama wakubwa. Na kati ya tabaka za mifupa za chini na zile za Manda zilizo juu yake, lilipita lile angamio kubwa la viumbe la kiasi cha miaka milioni 252 iliyopita. Wanyama wanaopatikana chini si wale wanaopatikana juu.

3. Mifupa iliyongoja

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu wa serikali, G. M. Stockley, aliyekuwa akichunguza makaa ya mawe ya Ruhuhu, alikuta visukuku. Mwaka 1933 akaja F. R. Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akakusanya vingi na kuvipeleka Uingereza. Katika miaka ya 1950 Alan Charig alivichunguza, lakini baadhi yake havikupewa majina rasmi kwa miongo mingi.

Mwaka 2010 wataalamu walitangaza mnyama kutoka tabaka za Manda waliyemwita Asilisaurus kongwe, jina lililochukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, asili na kongwe. Alikuwa jamaa wa karibu wa dinosaria. Mwaka 2012 wakamtangaza Nyasasaurus parringtoni, kwa kutumia mfupa wa mkono na pingili chache za uti wa mgongo zilizokusanywa katika miaka ya 1930. Charig alikuwa amekwisha fariki mwaka 1997, lakini jina lake liliwekwa miongoni mwa waandishi, kwa kuwa kazi aliianza yeye.

Je, walisema nini juu ya mifupa hiyo? Hawakusema kwa mkato kuwa ni dinosaria wa kwanza. Walisema kwamba ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa yao wa karibu sana. Mifupa yenyewe haitoshi kukata shauri. Na mwaka 2017 alipotangazwa Teleocrater, kwa mifupa ya mwaka 1933 pamoja na mingine iliyopatikana mwaka 2015, ilionekana kwamba alitembea kwa miguu minne na kifundo chake kilifanana na cha mamba. Wengi hawakutazamia hivyo, na rai yao ya zamani ikasahihishwa.

4. Umri hupimwaje?

Madini ya urani hugeuka polepole kuwa risasi, kwa mwendo ambao umepimwa. Majivu ya volkano yakitua kati ya tabaka, chembe zake hubeba urani hiyo, na mtaalamu hupima ni kiasi gani kimekwisha geuka. Pasipo na majivu ya kufaa, hulinganisha visukuku na vya nchi nyingine ambazo umri wa tabaka zake umepimwa. Kwa njia hii ya kulinganisha, tabaka za Manda zilikadiriwa kuwa na miaka milioni 240 hivi. Kadirio la namna hii laweza kusahihishwa, lakini halikutungwa hivi hivi tu.

5. Ziwa na sayari

Mashapo hayakukoma zama za kale. Yanatua hata leo chini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2005 wataalamu walitoboa sakafu ya ziwa hilo, mahali penye kina cha mita 592 za maji, wakatoa mashapo yenye urefu wa kiasi cha mita 380. Humo walisoma kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita vilikuja vipindi vya ukame mkali, hata ziwa likapoteza angalau asilimia 95 ya maji yake.

Kanuni ile ile huvuka mpaka angani. Mwezi wa Februari 2000 chombo Endeavour kilipima kwa rada, kwa siku 11, miinuko ya kiasi cha asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Na chombo Curiosity, kilichotua Mirihi mwaka 2012, kilikuta humo mwamba wa tope laini, ushahidi kwamba hapo zamani palikuwa na ziwa. Waliusoma mwamba ule kama wewe unavyousoma mfereji wa Maposeni.

6. Jibu letu

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwenye kuamini hana sababu ya kuikimbia elimu hii, maana miamba ni kazi ya Muumba, na kazi Yake haiwezi kusema uongo juu Yake. Tabaka hutueleza nini kilitangulia na nini kilifuata. Swali la nani aliyeziweka sheria hizi zisizobadilika si la nyundo wala rada. Kwa hiyo kijana asiiache imani yake kwa sababu ya umri wa jiwe, wala mzee asimwite mtoto wake kafiri kwa kuutaja umri huo.

Nawe unayeichunguza dini, chukua adabu ya wale walioshika mifupa ya Ruhuhu: usihukumu kabla ya ushahidi, usidai kupita ushahidi wako, na ukionyeshwa lililo sahihi, likubali.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini changarawe na tope havitui mahali pamoja?
2. Ni ushahidi gani unaoonyesha kwamba nchi ya Ruhuhu ilipata kuwa na barafu na mabwawa?
3. Kwa nini wataalamu hawakukata shauri juu ya Nyasasaurus, nawe unapata funzo gani humo?