Kabla krimu mpya haijafika usoni

Krimu mpya hujaribiwa mkononi kwanza. Kiasi cha punje ya mbaazi hupakwa kwenye kikunjo cha kiwiko, mara 2 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Ngozi ikiwasha au ikitoka vipele, krimu huoshwa na kuachwa kabisa.

Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, jua huchoma kutoka juu na kutoka majini, na krimu ya kung'arisha ngozi huifanya iungue upesi. Lebo isomwe: neno calomel maana yake ni zebaki, sumu inayoharibu figo, nayo haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi. Kopo lisiloorodhesha viambato halifai, hata likiwa rahisi.

Poda nayo hujaribiwa kabla ya kununuliwa: rangi yake ipimwe kwenye taya, nje ya duka, mchana.