Redio isiyobadili gari njiani

Mara ya kwanza kuiwasha redio niliyoiunda mwenyewe hapa Mwanga, ilivuma tu. Nilichomea upya viungo vyote vya risasi, nikabadili aisi ya kukuza sauti, LM386, mvumo ukabaki palepale. Nilipochomoa adapta ya ukutani na kuweka betri ya volti 9, kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho nikasikia filimbi nyembamba za Morse. Usiku ule sikulala mapema.

Sababu ya mvumo ni umbile la redio yenyewe. Redio ya kawaida ya AM ni supaheterodaini: wimbi likiingia hugeuzwa kwanza kuwa masafa ya kati, mara nyingi kilohezi 455, likachujwa na kukuzwa hapo, ndipo sauti itolewe. Ni kama abiria wa Usangi anayeteremka stendi ya Mwanga kupanda gari la Moshi. Hii yangu haibadili gari. Aisi ya SA612 ina osileta, inayozalisha wimbi lake yenyewe, pamoja na kichanganyio cha kulichanganya na wimbi la kituo. Osileta ikiwa kilohezi 7,030 na kituo 7,030.7, tofauti inayotoka ni hezi 700, na hizo sikio linazisikia zilivyo.

Ndiyo maana naiita redio ya mgeuzo wa moja kwa moja. Wengine husema homodaini, jina la miaka ya 1920. Sinkrodaini, la D. G. Tucker wa Uingereza mwaka 1947, nadhani tuliachie redio zile ambazo osileta yake hufungwa sawasawa na wimbi la kituo. Mafundi wa leo husema pia masafa ya kati sifuri.

Wepesi huo una gharama. Ukuzaji karibu wote hufanyika kwenye sauti, hata mara laki moja, kwa hiyo mtetemo mdogo wa umeme wa hezi 50 unakuzwa pamoja na kituo. Tumia betri. Tena utasikia vituo vya pande zote mbili za osileta, vumilia.

Kwa antena nilikata waya wa mita 20, nikaugawa katikati, nikaufunga juu ya miembe miwili. Kusikiliza kukikunogea hadi utake kurusha, tafuta kwanza leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Osileta ifungie ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Bila mfuniko, ukisogeza mkono tu, kituo kinahama.