SOMO LETU: TUNASE SAUTI ZA WAZEE KWA KOMPYUTA



Vijijini wako wazee wanaojua mambo ambayo hayajaandikwa popote: majina ya mababu, miti ya dawa, nyimbo za mavuno. Mzee akifa, mambo hayo huzikwa naye. Kama nyumbani kwenu kuna kompyuta, mnaweza kuitunza sauti yake. Lakini maikrofoni ndiyo sikio la kompyuta. Neno lisiloingia vizuri katika maiki, kompyuta haiwezi kulirudisha. Basi tujifunze kuiweka vizuri.

1. Chagua chumba. Chumba kitupu chenye kuta za saruji kina mwangwi. Chumba chenye godoro, mikeka na mapazia kinafaa zaidi. Zima redio. Usinase wakati mvua inapiga mabati.

2. Chomeka maiki. Maiki ya waya wa USB ni rahisi kwa anayeanza. Kisha fungua mipangilio ya sauti katika kompyuta, uchague maiki hiyo. Usipochagua, kompyuta ya mkononi yaweza kutumia maiki yake ya ndani, nayo itanasa mlio wa feni yake.

3. Weka maiki karibu. Iwe shibiri moja, yaani sentimita 20 hivi, kutoka mdomoni kwa mzee. Iweke pembeni kidogo ili pumzi isiipige anapotamka P na B. Tandika kitambaa kilichokunjwa chini yake. Usiishike mkononi.

4. Pima sauti. Programu ya Audacity hupatikana bure. Bonyeza alama nyekundu ya duara, mzee azungumze kama kawaida yake. Utaona kipimo kinapanda na kushuka. Kikifika sifuri, ndio mwisho wa juu. Hapo sauti hupasuka, wala haitengenezeki tena. Punguza mpaka sauti kubwa iishie karibu na alama ya -12.

5. Jaribu kwanza. Nasa nusu dakika, halafu sikiliza. Ukisikia mvumo kama wa nyuki, chomoa chaja, jaribu tena. Mzee asianze hadithi mpaka jaribio limekuwa safi. Akichoka, huenda asiirudie.

6. Hifadhi. Chagua aina ya faili inayoitwa WAV, maana haipunguzi ubora wa sauti. Ukinasa kwa maiki moja, saa nzima huchukua megabaiti 300 hivi. Weka nakala nyingine kwenye flashi, ikae nyumba nyingine. Kompyuta ikiibwa au ikiharibika, sauti itabaki.

Jambo la mwisho, lakini lifanyike mwanzo: omba ruhusa. Mwambie mzee nani atasikiliza. Akisema, "Mwanangu, hili lisinaswe," zima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini chumba chenye godoro ni bora kuliko chumba kitupu?
2. Kipimo kikifika sifuri, ufanye nini?
3. Katika kijiji chenu, ni mzee gani wa kuanza naye? Mtakwenda lini?