Somo la wiki: Daftari la madeni lisilale dukani peke yake

Soko la Mwanjelwa, Mbeya, liliteketea mwaka 2006. La SIDO likaungua mwaka 2017. Mfanyabiashara wa mchele au mahindi, uwe Mbeya au Iringa, kama madeni ya wateja yako yamo kwenye kompyuta ya dukani tu, jiulize: ikiungua, mdaiwa gani atakuja mwenyewe kulipa?

Fanya hivi:

1. Unapoandika, bonyeza Ctrl na S kila baada ya dakika chache, ili umeme ukikatika usipoteze kazi ya siku nzima.

2. Jioni, nakili faili kwenye flashi, uende nayo nyumbani.

3. Kila Jumamosi, fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Isipofunguka, huna nakala.