Somo la Maziwa: Safari ya Wanafunzi Kwenye Zizi la Ng'ombe

Watoto wetu wa darasa la sita walikuwa wamesoma habari za maziwa kitabuni muda wa wiki mbili, nao waliyajibu maswali yote vizuri. Walakini nalipowauliza, "Ni nani kati yenu ajuaye kama maziwa aliyokunywa leo yalichemshwa?" wengi walinyamaza. Hapo naliona ya kuwa somo lilikuwa bado shuleni, halijafika nyumbani. Basi nalimwomba ruhusa mfugaji mmoja, hapa kwetu mteremkoni mwa Kilimanjaro, afugaye ng'ombe wa maziwa bandani. Twalikwenda kwa miguu kabla ya jua kuchomoza, maana ng'ombe hawangoji kengele ya shule.

Twaliwakuta wakila majani na migomba iliyokatwakatwa. Mmoja alikuwa amelala, anatafuna, wala hana kitu mbele yake. Mtoto akauliza anatafuna nini. Ndiko kucheua, kule kunakotajwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11; na mwalimu wa dini asomapo sura ile angefanya vema kuwaonyesha watoto ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huyazoa majani kwa ulimi, huyameza upesi, nayo hushuka katika tumbo kubwa. Humo mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, ndivyo viyavunjavyo majani. Kisha majani hupanda tena kinywani, hutafunwa taratibu, hushuka na kupita katika fungu la tatu la tumbo, lile ambalo wachinjaji huliita kitabu kwa sababu ya kuta zake zilizopangana kama kurasa. La nne ndilo lifananalo na tumbo letu sisi. Hivyo majani, tusiyoweza kuyala, hugeuka chakula. Tena mfugaji alitwambia ya kuwa ili kufanya lita 1 ya maziwa, damu ipatayo lita 400 hata 500 hupita katika kiwele. Watoto hawakusadiki mpaka nalipowaambia ya kuwa ni damu ile ile izungukayo, ikirudi mara kwa mara.

Mkamaji alinawa mikono, akaosha kiwele, akakikausha kwa kitambaa safi. Michirizi ya kwanza aliikamia katika kikombe kilichofunikwa kwa kitambaa cheusi. Ng'ombe wa tatu alipokamwa, mabonge madogo meupe yalibaki juu ya kitambaa. Huo ni ugonjwa wa kiwele. Mfugaji hakutuficha, aliyatenga maziwa yale, akasema hata ng'ombe akitiwa dawa, maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoamriwa zimekwisha.

Kisha akaleta laktometa, kipimo cha kioo kieleacho ndani ya maziwa. Lita 1 ya maziwa mazima ina uzito wa gramu 1,028 hata 1,032 hivi, na lita 1 ya maji ni gramu 1,000. Basi maziwa yakitiwa maji kipimo huzama zaidi. Watoto walitia maji wenyewe, wakafurahi kumkamata mwizi. Ndipo mfugaji akacheka, akachukua maziwa mengine, akaondoa malai, yaani mafuta yaeleayo juu. Kipimo kikapanda, maana mafuta ni mepesi. Akatia maji kidogo, kikashuka mpaka alama ya maziwa mema! Hila mbili zilifutana. Nakiri ya kuwa kwa kitambo nalijuta kuwaonyesha watoto jambo hilo. Lakini msichana mmoja aliuliza, "Mnunuzi atajuaje?" Akajibiwa ya kuwa imempasa kupima na mafuta pia, kwa chombo kingine.

Sasa nafika kwenye jambo lililotupeleka. Liko jambo ambalo laktometa haiwezi kulionyesha, wala jicho, wala pua. Kijidudu kimoja katika maziwa ya vuguvugu chaweza kugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Watoto walifanya hesabu kwa kijiti mchangani: baada ya saa moja ni 8, baada ya saa mbili ni 64, na baada ya saa sita ni 262,144. Hii ndiyo sababu ya kuyapoza maziwa upesi. Tena kupoza hakuui. Huzuia kuongezeka tu.

Katika kisiwa cha Malta askari wa Kiingereza waliugua homa ndefu isiyokoma. Mwaka 1887 daktari David Bruce aliandika habari za kijidudu cha homa ile, lakini hakuna aliyejua kilikotoka. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, mwenyeji wa kisiwa, alikigundua katika mbuzi walioonekana wazima kabisa. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua sana kati yao. Ng'ombe nao wana ndugu ya kijidudu kile, kiwatupishacho mimba. Kifua kikuu cha ng'ombe pia hupita katika maziwa. Robert Koch, aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alisema huko London mwaka 1901 ya kuwa cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa watu. Alikosea, na uchunguzi uliomalizika Uingereza mwaka 1911 ulionyesha ya kuwa watoto waliupata kwa maziwa. Dawa ya haya yote ni moto. Viwandani maziwa hutiwa joto la digrii 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Nyumbani hatuna kipimajoto, basi na yachemke mpaka yapande, huku yakikorogwa, kisha yafunikwe na kupozwa. Kuyagandisha kuwa mtindi bila kuyachemsha hakutoshi.

Siku ya pili bibi wa mwanafunzi mmoja alikuja shuleni. "Shikamoo, Bibi," nalimwambia. "Marahaba, Mwalimu. Mimi nimelea watoto saba kwa maziwa mabichi, na wote wako hai. Mbona wamfundisha mjukuu wangu kumwogopa ng'ombe wangu?" Sikubishana naye juu ya watoto wake saba. Nalimwuliza tu kama ng'ombe wake amepata kutupa mimba. Alinyamaza kidogo. "Mwaka jana, katika mwezi wa saba." Na ndama yule alimwondoaje? Kwa mikono yake mwenyewe, mitupu. Nikamweleza ya kuwa kijidudu kile huingia hata kwa njia hiyo, na ya kuwa siku nyingine ajifunike mikono, azike kila kitu mbali na mbwa, tena amwite bwana mifugo.

Bwana mifugo amekwisha kuja, akatoa damu ya ng'ombe. Majibu hayajarudi. Bibi asema maziwa yaliyochemshwa hayana ladha, walakini yachemshwa kila asubuhi, na mjukuu ndiye asimamaye karibu na jiko mpaka yapande.