Ugomvi Hauanzi Siku Ng'ombe Anapoingia Shambani
Somo kwa familia za wafugaji wa Bonde la Kilombero



Mpunga unapokaribia kukomaa, habari za vijiji vya Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi hufanana. Ng'ombe wameingia shambani, mkulima kapiga yowe, vijana wa pande zote mbili wametoka na fimbo na mapanga. Yakiisha hayo, mkulima amepoteza chakula cha mwaka, na mfugaji anauza mitamba ili alipe fidia. Mara nyingine kuna msiba.

Somo hili linahusu mambo yanayotangulia siku hiyo. Lisomeni pamoja nyumbani, baba, mama na vijana wanaochunga, kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake.

1. Kwa nini malisho yamebana

Wandamba, Wapogoro na Wabena wamelima na kuvua samaki katika bonde hili tangu zamani. Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaig walikuja na mifugo baadaye. Wengine walifika baada ya serikali kuwaondoa wafugaji Usangu mwaka 2006 na 2007.

Wakati huo huo sehemu za kuchungia zilikuwa zinapungua. Pori Tengefu la Kilombero lilitangazwa mwaka 1952. Mwaka 2002 bonde likaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ikakataza kuchunga ndani ya mapori tengefu bila kibali, na mwishoni mwa 2012 ikafanyika operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Mwaka 2023 likatangazwa Pori la Akiba Kilombero. Nje ya hifadhi nako, mashamba ya mpunga yameongezeka mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo mkulima na mfugaji wamesukumwa kwenye ukanda mmoja mwembamba. Jirani yako hakuupunguza ukanda huo, nawe hukuupunguza. Mkilijua hilo, mtazungumza kwa hasira ndogo zaidi.

2. Uliza "kwa nini" mara tano

Tuchukue mfano. Ng'ombe 12 wa boma moja wamekula mpunga wa jirani mwezi wa Mei.

Kwa nini waliingia? Waliokuwa wanachungwa ni 60, na mchungaji alikuwa mtoto wa miaka 11, peke yake.

Kwa nini alipita kando ya mpunga? Njia ya zamani ya kwenda mtoni imelimwa, na imebaki nafasi ya kupita ng'ombe wawili tu.

Kwa nini njia imelimwa? Haina alama yoyote, na haimo katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Aliyelima alikodishiwa, naye hakujua kuwa ni njia.

Kwa nini haimo katika mpango? Siku kijiji kilipoijadili ramani, hakuna mfugaji aliyehudhuria mkutano.

Kwa nini hawakuhudhuria? Ugomvi wa mwaka uliopita ulimalizwa kwa siri, kwa fedha, bila maandishi. Wafugaji wakaona wameonewa, wakulima wakaona mwenye ng'ombe ananunua haki. Tangu hapo hawaketi pamoja.

Ukiishia swali la kwanza, utamchapa mtoto na mwakani yatatokea yale yale. Ukifika swali la tano, utaona kwamba kazi kubwa ni ya watu wazima, na ilipaswa kufanyika miezi mingi kabla ya Mei.

3. Kazi ya kufanya kabla ya msimu

Hesabu chakula cha mifugo yako. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 50 wanahitaji zaidi ya kilo 300 kwa siku. Kwa miezi 5 ya kiangazi hiyo ni kama tani 47. Jiulize zitatoka wapi. Kama huna jibu mwezi wa Aprili, usitegemee kulipata Septemba. Uza madume na majike yaliyozeeka mapema, yakiwa bado yamenona na bei bado ni nzuri.

Zungumza na mwenye mpunga kabla hajavuna. Shamba linalotoa tani 2 za mpunga kwa hekta huacha karibu tani 2 za majani. Mengi huchomwa moto. Majani hayo ni chakula cha ng'ombe wako, na samadi yako ni mbolea yake. Kubalianeni tarehe ya kuingia, idadi ya mifugo, siku za kukaa na malipo. Andikeni, mweke sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Msiingize mifugo hadi mwenye shamba aseme kuwa mpunga wote umeondolewa, kwani kuvuna kwa jirani yake hakumaanishi kwamba yeye naye amevuna. Kumbuka kuwa majani ya mpunga peke yake hayana lishe ya kutosha. Ongeza pumba na jiwe la chumvi.

Tengenezeni njia na maji. Tembeeni njia ya mifugo pamoja, wakulima na wafugaji, wakati wa kiangazi mipaka inapoonekana. Wekeni alama za kudumu, kama mawe au miti. Kisha pelekeni suala hilo kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ili njia na eneo la kunyweshea viingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi. Mkutano huo hutakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria. Ukikosa kwenda, wengine watachora ramani bila wewe.

Usimwachie mtoto kundi kubwa. Kuanzia mpunga unapochanua hadi unapovunwa, kundi linalopita kando ya mashamba liwe na mtu mzima. Mtoto ana shule, na hana nguvu ya kuwazuia ng'ombe wenye kiu wanaoyaona maji.

4. Siku ng'ombe wakiingia

• Watoe mara moja kwa njia waliyoingilia, wasikanyage zaidi.
• Usikimbie. Mfugaji akikimbia, kijiji kizima huonekana kina hatia. Nenda kwa mwenye shamba na mtu mzima mmoja asiyebeba silaha, umpe pole.
• Mwite mtendaji wa kijiji. Tathmini ifanywe na afisa kilimo, pande zote mbili zikiwapo, kwa kupima eneo lililoliwa. Hasara isikadiriwe kwa hasira au kwa wingi wa ng'ombe wako.
• Malipo yaandikwe. Yatajwe ni ya nini, ni kiasi gani, na nani alishuhudia. Usitoe fedha ya pembeni kwa mtu yeyote ili jambo lizimwe. Jambo lililozimwa hivyo hurudi likiwa kubwa zaidi.
• Waangalie ng'ombe waliokula punje nyingi. Wakivimba tumbo, wakiacha kucheua au wakiharisha, mwite afisa mifugo haraka.

Kama ugomvi ni wa mpaka au wa njia, upelekeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, baraza hilo lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Hakikisheni kuna mjumbe anayeyafahamu maisha ya mifugo.

5. Nafasi ya akina mama

Mama anayepeleka maziwa kwa wake wa wakulima, na kurudi na mchele, husikia manung'uniko kabla hayajawa ugomvi. Akisema "wenzetu wamekasirika kuhusu ile njia," baba amsikilize siku hiyo hiyo. Kaya zinazouziana chakula huwa na mahali pa kuanzia mazungumzo.

6. Tujifunze kwa wenzetu

Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mkoa wetu huu huu wa Morogoro. Siku hiyo ilitanguliwa na muda mrefu wa kugombea ardhi na kukamatana mifugo. Dalili zilikuwapo.

Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vitatu vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kuunganisha malisho yao. Wakayaita OLENGAPA, wakapanga kwa pamoja zaidi ya hekta 20,000 zitumike kwa kuchungia. Walianza kwa kuketi pamoja, kuchora ramani, na kukubaliana nani anapita wapi na lini. Bonde letu lina ardhi ndogo na watu wengi zaidi, lakini kuketi na kuchora ramani tunaweza.

Maswali ya kujadili nyumbani na kwenye mkutano wa wafugaji

1. Ugomvi wa mwisho katika kijiji chetu ulianzia wapi? Ulizeni "kwa nini" mara tano.
2. Njia yetu ya kwenda majini imeandikwa wapi?
3. Tuna ng'ombe wangapi, na chakula chao cha Agosti hadi Novemba kiko wapi?
4. Ni mkulima gani tunaweza kumtembelea wiki hii, wakati bado hakuna ugomvi?

Anzeni na swali la nne. Mgeni aliyekuja kwa salamu hupewa kiti. Aliyekuja kufuata ng'ombe waliokamatwa hukutana na hasira iliyomsubiri. Kwa msaada zaidi, mwoneni afisa mifugo wa kata yenu.