Kutandaza Kokoto Mbele ya Nyumba

Ndugu msomaji, kiweke kitabu hiki chini kidogo. Toka nje, usimame mbele ya nyumba yako. Tazama mahali ukuta unapokutana na ardhi. Je, mawe ya msingi yanaonekana? Je, ulipohamia yalikuwa yakionekana hivyo? Kisha tazama kizingiti cha mlango. Mtoto mdogo anakivuka bila taabu, au siku hizi lazima ashikwe mkono?

Katika vijiji vingi watu husema kwamba nyumba fulani ya zamani "imepanda". Nyumba haipandi. Uwanja ndio unaoshuka.

Kila asubuhi tunafagia. Ufagio unaondoa takataka, lakini unaondoa na vumbi, na vumbi hilo ni uwanja wenyewe. Mvua inachukua jingine. Tuseme uwanja wako unashuka sentimeta 1 tu kwa mwaka. Hutaona kitu. Lakini baada ya miaka 20 utakuwa umeshuka sentimeta 20, nazo ni karibu shibiri moja. Msingi uliokuwa umefukiwa sasa uko nje, unapigwa na maji.

Katika somo hili tutajifunza kutandaza kokoto katika sehemu ya uwanja wa mbele. Kokoto hupendeza macho, na si vibaya mtu kutaka nyumba yake ipendeze. Lakini zikiwekwa vizuri zinalinda nyumba. Zikiwekwa vibaya, baada ya masika moja utazikuta zimezama kwenye matope, na jasho lako limepotea.

MAJI YA BATI

Tuchukue mfano wa mama mmoja mjane. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo yasiyochomwa. Zamani ilikuwa ya nyasi. Akauza mbuzi, akanunua mabati, akaezeka. Alifurahi, na alistahili kufurahi. Ndani hapakuvuja tena.

Mvua za kwanza zilipokuja, aliona kitu kipya. Nyasi hupokea maji taratibu, nayo hudondoka hapa na pale. Bati si hivyo. Kila mkunjo wa bati ni mfereji mdogo, na kila mfereji unamwaga maji mahali palepale. Chini ya ukingo wa paa vikatokea vishimo vilivyopangana mstari mmoja kama shanga. Maji yakipiga ndani ya vishimo yaliruka na matope, yakagonga ukuta mpaka kimo cha goti. Sehemu hiyo ya ukuta ikawa na rangi nyekundu, kisha ikaanza kumomonyoka. Masika ya tatu, pembe ya chumba wanacholala watoto ikapata ufa.

Akaziba ufa kwa udongo. Mvua iliyofuata ikaufungua tena. Aliziba palipopasuka, lakini maji yalikuwa bado yanakula chini.

Maji hayo ni mengi kiasi gani? Tupige hesabu. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba, inaleta lita 1 ya maji. Upande mmoja wa paa la mama huyu unafunika meta 6 kwa meta 3, yaani meta 18 za mraba. Siku moja ya masika ikinyesha milimeta 20:

18 × 20 = lita 360

Debe moja ni lita 20. Kwa hiyo madebe 18 ya maji yamemwagwa mbele ya ukuta mmoja kwa siku moja. Ungemwona mtu anamwaga madebe 18 ya maji kwenye msingi wa nyumba yako, ungemfukuza.

Ikiwa una uwezo wa kununua mifereji ya bati na chombo cha kukingia maji, anza na hiyo. Maji ya paa ni mali. Lakini wengi wetu hatujafika huko, na masika hayatungoji.

KOKOTO GANI?

Si kila jiwe dogo linafaa kila mahali.

Chini ya ukingo wa paa, tumia kokoto safi zisizo na udongo. Ziwe na ukubwa kati ya karanga yenye ganda na yai la kuku. Za mtoni, zile laini za mviringo, zinafaa na zinapendeza sana zikilowa. Za kuvunjwa kwa nyundo zinafaa pia. Tone la maji likipiga jiwe linavunjika vipande vidogo, na halina udongo wa kurusha ukutani.

Kwenye njia ya kuingilia nyumbani usiweke mawe ya mviringo. Yanabingirika chini ya mguu, na bibi mwenye ndoo kichwani ataanguka. Hapo weka changarawe yenye udongo kidogo, kama ile ya barabarani. Inyunyizie maji, uishindilie. Vijiwe vyenye pembe hukamatana, na udongo unavishika kama gundi. Watu wa nyumbani wakitembea pekupeku, juu yake nyunyiza changarawe laini iliyochekechwa.

Kabla hujachimba popote, zungumza na serikali ya kijiji. Ukichimba kwenye kingo za mto, mto utapanuka na kula shamba la mwenzio. Tena shimo la changarawe likiachwa wazi hujaa maji wakati wa mvua, na mtoto anaweza kufa maji humo. Hili si jambo la kutisha watu tu. Fukia shimo, au liwekee boma la miiba.

Ukivunja mawe, linda macho. Funga kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mawe linaumiza mapafu. Usimruhusu mtoto kukaa karibu na nyundo.

KAZI YENYEWE

Sasa soma polepole, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafikiri kokoto zinazuia maji. Kokoto hazizuii maji. Zinapunguza nguvu zake tu, kisha zinayaacha yapite katikati yake. Maji yakishapita, yanakwenda wapi? Yanafuata ardhi iliyo chini ya kokoto. Kama ardhi hiyo imeinama kuelekea ukutani, kokoto zako zitapeleka maji kwenye msingi, tena kwa siri, usiyaone.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya udongo. Mawe ni kazi ya siku ya mwisho.

Anza wakati wa kiangazi. Tazama mstari wa vishimo unaoonyesha maji yanapodondokea. Pima kutoka ukutani mpaka kwenye mstari huo, kisha ongeza sentimeta 30. Kwa nyumba ya yule mama ukingo wa paa umetokeza sentimeta 50, kwa hiyo upana wake ni sentimeta 80. Pigilia vigingi, ufunge kamba.

Kama ardhi imeshuka, ijaze kwanza. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa sababu unashikana. Weka tabaka la sentimeta 10, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa gogo zito mpaka kisigino kisiache alama. Kisha tabaka jingine. Usimwage udongo wote kwa mara moja ukaupiga juu juu. Utakuwa mgumu juu na laini chini, na mvua itaugundua.

Lakini usijaze kupita kiasi. Kokoto zikishatandazwa, kati yake na tofali la kwanza la udongo ibaki shibiri moja ya msingi. Ukilundika udongo mpaka kwenye matofali, unyevu utapanda ukutani, na mchwa utakuwa umewajengea njia.

Ardhi iiname kutoka ukutani kwenda nje. Kwa kila meta 1, ishuke sentimeta 2 au 3. Huna kipimo cha fundi? Mwaga ndoo ya maji karibu na ukuta, utazame. Yakituama, rudia. Yakirudi ukutani, rudia. Yakikimbia nje bila kusita, umefaulu. Mbele yake chimba mfereji mdogo wa kuyapeleka mbali, kwenye migomba au bustani ya mboga, wala si kwenye uwanja wa jirani. Ugomvi mwingi wa majirani ulianzia kwenye mfereji.

Sasa panga mawe makubwa ukingoni, yazike nusu, ili kokoto zisitawanyike. Acha nafasi ndogo kati ya jiwe na jiwe ili maji yatoke. Ukipenda, yapake chokaa. Mawe meupe hupendeza, na usiku humwonyesha mgeni mahali pa kupita.

Mwisho tandaza kokoto kwa unene wa sentimeta 5, usawazishe kwa reki.

UNAHITAJI MADEBE MANGAPI?

Kwa unene wa sentimeta 5, kila meta 1 ya mraba inahitaji lita 50 za kokoto, yaani madebe 2 na nusu. Eneo la yule mama ni urefu wa meta 6 na upana wa meta 0.8.

6 × 0.8 = meta za mraba 4.8
4.8 × 2.5 = madebe 12

Debe moja la kokoto lina uzito wa kilo 30 hivi. Madebe 12 ni kilo 360. Baiskeli ikibeba madebe 2, ni safari 6. Sasa unaona kwa nini nimesema sehemu ya uwanja.

Kuna watu wanaotaka kufunika uwanja wote uwe kama wa ofisi. Mimi sikubaliani nao. Mahindi, mpunga na muhogo utaanika wapi? Punje ikidondoka kwenye kokoto ni ya kuku. Watoto watacheza wapi? Na mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na kijiwe kinaweza kumkaba koo. Mahali anapotandikiwa mkeka pabaki udongo mtupu. Chini ya mwembe pia usiweke, maana majani hunasa kwenye mawe na ufagio hauyatoi. Wala usiache chungu ya mawe yaliyobaki karibu na mlango. Nge hupenda kukaa humo.

Baada ya kila mvua kubwa, tembea kando ya ukuta. Penye shimo rudishia kokoto. Magugu yang'oe ardhi ikiwa bado imelowa, yanatoka na mizizi. Kila mwaka kabla ya masika utahitaji madebe machache ya kuongezea. Ukitumia ufagio mwepesi, hutahamisha mawe. Na ule ufa wa ukutani? Uzibe sasa, udongo wa chini ukiwa umekwisha kushindiliwa. Utie alama ya mkaa mwisho wa ufa kila upande. Masika yakiisha, tazama kama umevuka alama. Ukiwa umevuka, mwite fundi aangalie msingi, na watoto walale chumba kingine mpaka atakapomaliza.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Katika kijiji chenu, ni nyumba zipi "zimepanda"? Zina umri gani?
2. Kwa nini maji ya bati yanachimba ardhi kuliko maji ya nyasi?
3. Kokoto na changarawe mnapata wapi? Mashimo yaliyochimbwa yako katika hali gani?

HESABU

1. Njia ya kuingilia nyumbani kwako ina urefu wa meta 8 na upana wa meta 1. Utahitaji madebe mangapi ya changarawe kwa unene wa sentimeta 5?
2. Pima upande mmoja wa paa lako. Ikinyesha milimeta 20, ni madebe mangapi ya maji yatamwagika mbele ya ukuta wako?